Nilichora mlango wa kilima, nikasahau kapu la mama

Wakuu, salamu kwenu. Hii sijasimuliwa na mtu, imenipata mimi mwenyewe hapa Bureti, na mpaka leo nikiikumbuka nacheka peke yangu.

Kazi yangu ni kuchora ramani za majengo. Juu ya kilima chetu kuna mnara wa mawe wa enzi za mkoloni. Wageni wameanza kuja, so kamati ya kilima ikaniambia nichore entrance mpya.

Kazi yangu ya kwanza kubwa! Wakiikataa, narudi kuchora vyoo vya shule. Sidharau vyoo, lakini wueh.

Nikachora arch ya mawe na turnstile katikati, kile kizuizi cha kuzunguka kinachopitisha mtu mmoja mmoja, smart kabisa. Siku moja kabla ya kuipeleka, nikamwonyesha mama.

Mama alikuja huku kutoka upande wa ziwa akiwa msichana, na amechuna majani chai maisha yake yote. Njia ya wachunaji kwenda buying centre kupima majani inapita hapo hapo kwa kilima. Akaiangalia drawing weee, kisha akauliza polepole, "Na mimi na kapu langu mgongoni, nitapita wapi?"

Wakuu! Nimesomeshwa na hilo kapu, halafu nikalisahau.

Nikachukua tape. Nikampima akiwa amebeba kapu, nikaongeza nafasi ya mwenzake anayerudi na kapu tupu, maana hapo watu hupishana. Akaniambia wachunaji pia hutafuta mahali pa kuegemeza mzigo bila kuushusha. Basi turnstile nikaitoa, nikaweka ukuta mfupi wa kimo cha kapu likiwa mgongoni.

Kwa kamati, chairman, mzee mmoja wa suti, akauliza kwani tunapitisha trekta. Nikamvalisha kapu la mama, nikapanga viti viwili kwa upana wa ile turnstile, nikamwomba apite.

Alikwama! Watu walicheka, yeye mwenyewe akawashinda wote. Mlango ukakubaliwa.

Siku ya kufungua, kabla mgeni wa heshima hajafika, mama akatokea na kapu limejaa. Askari akamwinulia utepe. Akapita bila kugeuka ubavu, akaegemeza kapu kwa ukuta, akapumua.

"Sasa hapa ni kwetu," akaniambia.

Nililia mbele ya wageni na sioni aibu.

Nimejifunza hivi: kabla uchore mlango, uliza nani hupita hapo kila siku. Na wewe, mzazi wako ashawahi kukosoa kazi yako akakuokoa? Semeni, nasoma zote.