Siku Nilipoizunguka Nguzo ya Bendera

Hata leo naona haya kuisimulia, lakini aibu yenyewe ilianza na swali dogo lililoninyima usingizi wiki nzima: magoti ya mama yalipata nafuu kwa sababu ya mafuta, au kwa sababu ya kutembea?

Mama alikuwa na baridi yabisi. Nilipomaliza chuo kikuu nikarudi kijijini kwetu Kalenga kusubiri siku ya kuripoti kazini Mbeya, na nilimkuta hawezi tena kupiga magoti kanisani wala kushuka mtoni. Nikaapa siondoki kabla hajatembea. Shangazi akamletea chupa ya mafuta ya alizeti yaliyochemshwa na majani ya bangi (ndiyo, bangi, wazee waliitumia kimyakimya na serikali iliikataza kwa sauti kubwa), pamoja na kifurushi cha majani ya akiba. Mama akawa anajipaka asubuhi, kisha tunatembea mpaka darajani.

Mimi msomi nikafungua daftari: siku ya mafuta bila kutembea, siku ya kutembea bila mafuta, siku ya vyote viwili. Siku za vyote viwili mama alikuwa anacheka njiani. Lakini je, kama dawa inamlevya tu asisikie maumivu, huku magoti yanazidi kuharibika? Nikaona lazima nijipime mwenyewe, na kwa kuwa magoti yangu hayakuwa na ugonjwa wa kupimia, Jumamosi moja asubuhi nikachemsha yale majani ya akiba kwenye maziwa, nikanywa kikombe kizima.

Nilisahau kwamba Jumamosi ni mchakamchaka wa kijiji, zile mbio za pamoja za kuimba, na kwamba kiongozi wake (kwa kuwa nilipitia jeshini) ni mimi.

Tulianza vizuri, naimba, watu kama arobaini wananiitikia, mama yuko mwisho kabisa na fimbo yake. Kufika ofisi ya kijiji nikaizunguka nguzo ya bendera ili tugeuze. Sasa, mchakamchaka una sheria moja: hakuna anayempita kiongozi. Na mimi kila nikimaliza mzunguko nilijiuliza kama kweli nimeshazunguka, nikaona heri nihakikishe.

"Msomi, hii ndiyo njia ya Mbeya?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Mwacheni, anatafuta njia ya mkato!"

Mzunguko wa kumi na ngapi sijui, balozi wetu wa nyumba kumi akanishika bega. "Kijana, una nini wewe?"

Hapo mama akaja. Alikuja mbio, fimbo kaiacha huko, akamsalimu balozi kwa Kihehe.

"Kamwene, balozi. Msamehe mwanangu, ni ulanzi tu. Wenzake wamemnywesha."

Watu wakacheka. Pombe ya mianzi si kosa, na mambo yangeishia hapo. Lakini mimi taarifa isiyo sahihi huniwasha mwili mzima.

"Hapana, Mama," nikasema kwa sauti ya mhadhiri, "si ulanzi. Ni yale majani ya kwenye mafuta yako. Chupa iko chini ya kitanda."

Hakuna aliyecheka tena. Mama akanigeukia. "Mwanangu, huko chuoni walikufundisha yote hayo, kunyamaza hawakukufundisha?"

Balozi alimhurumia mama, hakuita polisi. Alitufuata nyumbani, akaimwaga chupa nzima jalalani, sisi tunatazama.

Jumatatu, siku ya basi langu, mama alishindwa kuinuka kitandani. "Nenda kazini, baba," akasema. "Mimi nimezoea."

Nilikaa na daftari mapajani nikiwaza: zile mbio za mama zilitoka kwenye mafuta, kwenye mazoezi, au kwenye hofu ya mzazi? Nikalitia daftari motoni jikoni. Nikaandika barua Mbeya kwamba nitachelewa, nikampeleka mama hospitali Iringa mjini, na daktari nikamweleza yote, hata kikombe changu. Akampa mama dawa za magoti, akaagiza kutembea kusikatizwe.

Tangu wiki ile hatukukosa asubuhi hata moja. Tulitembea polepole mpaka darajani, mama mbele, mimi nyuma, na hakuna anayempita kiongozi.