Kikohozi cha Ngwina

Walisema sitafika hata katikati. Walisema hivyo mbele yangu, tukiwa tumechuchumaa kwenye majani yenye umande huku ng'ombe wa baba zetu wakitoa mvuke puani, na harufu ya samadi na ndizi mbivu imelala juu ya bonde zima la Ipyana. "Wewe? Ngoma ya mtu mmoja?" aliuliza Mbonile. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu katika kijiji cha wavulana, maana siku zile watoto wa kiume tulijenga vibanda vyetu pembeni mwa vijiji vya wazazi tukalala huko na wa rika letu. "Miguu yako ni michi, Lusajo. Utatwanga mara tatu, halafu utaomba maji." Wakacheka mpaka ng'ombe wakageuza vichwa. Leo ninayaandika haya chini ya stashahada yangu ya ualimu, ya kwanza kuning'inizwa ukutani Ipyana, niliyoifuata kwa miguu hadi nchi ya watu na kuisomea huku nikifagia nyua za wengine ili nipate kula. Hiyo nayo walisema sitaipata. Kwa hiyo neno "hutaweza" nalijua; limekuwa kwangu kama chumvi kwenye mboga. Ila mara ya kwanza kabisa nililijibu vibaya, na jibu lile bado linanichoma masikio.

Ulikuwa wakati wa Mdachi, na hakukuwa na mtu kati ya milima na ziwa asiyelijua jina la Ngwina. Ngwina kwa Kinyakyusa ni mamba, na jina hilo alilipata ujanani, alipoingia Mto Mbaka na kumtoa mtoto wa watu kinywani mwa mamba, akaacha humo vidole vyake viwili. Mwaka mwingine Mto Kiwira ulipofurika, na kijiji cha ng'ambo mvua imewazimia moto wote, aliuvuka akiwa na makaa ndani ya chungu kichwani. Tena aliwahi kuitwa bomani aonyeshe watu walikoficha ng'ombe wao. Akakataa, akachapwa kiboko, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe bila kushikwa mkono. Wanawake walitwanga mpunga kwa nyimbo zake. Nami nilikuwa na sababu zaidi ya kujivuna, kwa kuwa dada yangu Tupoki alikuwa ameolewa na mwanawe wa tatu.

Kwetu mke hamwangalii baba mkwe wake. Hamtaji jina, hakutani naye njiani, na akimsikia karibu hujifunika na kuingia migombani mpaka apite. Ngwina alikuwa na wake wa wanawe wanne, na njia zetu zile ni nyembamba, zimebanwa na migomba pande zote mbili. Basi kila alipokaribia kona alikohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha kutoka chini ya kifua, ndipo akasimama. Alisimama muda wa kumenya ndizi moja. Halafu aliendelea, akiburuta kidogo ule mguu wa kushoto ulioumia mtoni.

Hayo yote niliyachunga pamoja na ng'ombe. Siku nyingi nilimfuata kwa mbali, nikirudi uwanjani kando ya mto na kuchora hatua zake mchangani kwa kijiti: hapa mto, hapa mamba, hapa makaa, hapa boma, hapa kurudi nyumbani. Nilimpanga mtu mzima mwenye mvi katika miguu ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Vifaa niliazima. Mbonile alinipa njuga zake za maganda ya risasi, ambayo baba yake mpagazi aliyaokota nyuma ya askari. "Ukishindwa unirudishie," alisema, "na aibu juu yake." Mjomba alinipa fimbo. Mama mmoja mfinyanzi wa kabila la Wakisi, aliyekuja kutoka ufukweni mwa ziwa kubadilisha vyungu kwa mpunga, aliniachia kijungu cha makaa. "Ukikivunja, utakuja kunifinyangia kumi." Tupoki alivua kikuku chake cha shaba, akakivika mkononi mwangu, kikapwaya. "Nitakaa mbele kabisa, mdogo wangu," alisema, akikwepa kumtaja mkwe wake kwa jina. "Siku hiyo yule mkubwa atakuwa kule Ngonga kwa ng'ombe wake, kwa hiyo nitatazama mpaka mwisho bila kujificha. Nichezee vizuri."

Katika ngoma yangu ya kwanza kile kisimamo kilikuwemo. Nilikohoa mara mbili, nikatulia. Lakini nilipokuwa nikijaribu, Mbonile alichungulia kutoka nyuma ya fahali akapaza sauti: "Njooni mwone! Ameshachoka! Anapumzika!" Wote wakaja, wakacheka, mmoja akaniletea maji kwenye jani la mgomba. Nikaapa hawataniona nimesimama tena. Siku ile ile nikakiondoa kile kisimamo, na baada ya kikohozi nikaweka mruko mkubwa wa kuingia uwanjani. Niliuona mzuri kuliko kisimamo kilichokuwepo.

Sikukuu ya mavuno ya mpunga ilifika. Uwanja ulinukia pombe ya ndizi na makapi mapya, na ngoma zilikuwa zimeanikwa juani mpaka zinalia zikiguswa kwa kidole. Nilijificha migombani, nyuma ya wanawake. Wake wanne wa wana wa Ngwina walikuwa mstari wa mbele, vichwa wazi, wanacheka, na Tupoki amesimama akiwa na chungu cha pombe cha kuwagawia wazee. Nikakohoa mara mbili. Nikaruka.

Wale wanawake hawakugeuka kutazama ni nani, na nani angegeuka? Walijitupa upande wa mashamba, wakivuta nguo vichwani, wakigongana. Chungu kilimponyoka Tupoki, yeye akaanguka juu ya vigae vyake, na nguo aliyokuwa akiivuta ajifunike ikabaki chini ya mguu wa mtu. Alilala pale kwenye tope la pombe mbele ya kijiji kizima, mdomo unatoka damu. Watu walipoona kwamba Ngwina mwenyewe ni mimi, uwanja ulipasuka kwa kicheko. Mpaka hapo ningeweza kusema nilikosea kama mtoto. Lakini nilimwona dada yangu chini. Nilimwona vizuri, nikaona na macho yake yakitafuta nguo. Na kwa kuwa wapigaji walikuwa wameongeza mwendo na watu walikuwa wakiliita jina langu, nilikohoa mara ya pili, nikaruka tena kuelekea kule walikokimbilia. Nilicheza mto, makaa na boma bila kupumzika hata mara moja, hata kile kijungu cha makaa kikanivunjikia. Mbonile alinibeba mabegani. Mcheza kwao hutunzwa, wakaimba, nami nikatunzwa ndizi na mahindi huku mama akimfunika binti yake na kumwondoa kwa njia ya nyuma.

Wakweze walisema mwanamke aliyevuliwa nguo hadharani kwa kikohozi cha mkwe hawezi kurudi jikoni kwake mpaka mila itimizwe, yaani baba yetu atoe ng'ombe. Tupoki akakaa kwetu kiangazi chote. Jino la mbele lilikuwa limekatika, na tangu siku ile alizungumza akiziba mdomo kwa mkono. Hakunigombeza. Mama alinipa chakula akiwa amegeuza uso. Sasa njuga zile, hata nilipozitundika ukutani, nilisikia zikilia zenyewe.

Ngwina alipopata habari alinijia machungani. Alikaa juu ya jiwe, mkono wenye vidole vitatu juu ya fimbo. Nilimwita tata, yaani baba, kama tulivyowaita wazee wote.

"Nasikia umenicheza."

"Ndiyo, tata."

"Mto umeuweka?"

"Ndiyo, tata."

"Na makaa? Na boma?"

"Ndiyo."

"Umeacha kimoja. Mimi nikishakohoa, husimama." Alinitazama bila hasira, na afadhali angenichapa. "Mamba hata mlevi anaweza kumpiga. Kusimama ndiko kugumu. Nitamrudisha binti yenu kwa ng'ombe wangu mwenyewe. Baba yako hadaiwi kitu." Akaondoka. Kwenye kona ya migomba akakohoa mara mbili, akasimama, ingawa sidhani kulikuwa na mtu upande wa pili.

Watu husimulia kwamba niliondoka nyumbani kwa kiu ya elimu, na mimi huwaachia wasimulie. Ukweli ni kwamba niliondoka kabla Tupoki hajarudishwa, nikiwa na njuga, fimbo na kikuku ndani ya mkeka, kwa kuwa sikuwa na uso wa kumrudishia mtu chake. Kila mtihani niliofaulu niliufaulu nikiwakimbia wanawake wanne waliokuwa wakinikimbia.

Niliporudi baada ya miaka mingi, na diploma na koti la suti, nilitenga siku za kulipa wote. Mbonile, mvi tupu, alizigeuzageuza njuga zake. "Na aibu juu yake?" aliuliza. "Nayo nimeileta," nikasema, na hakucheka. Fimbo niliitia mkononi mwa mwana wa mjomba. Yule mfinyanzi alikuwa amefariki, kwa hiyo nilikunja suruali, nikakanyaga udongo ufukweni mbele ya binti yake, nikafinyanga vijungu kumi. Tisa vilipasuka motoni, na yeye akasema ndaga fijo kwa kile kimoja, kama ahsante ya kumwonea mtu huruma. Kwenye kaburi la Ngwina nilikohoa mara mbili, nikasimama.

Nilimaliza kwa Tupoki. Siku hizi vijana wetu husema mambo ya mkwe ni ya zamani. Utawakuta mke na baba mkwe kwenye benchi moja kanisani, wanashika kitabu kimoja cha nyimbo. Dada yangu mpaka leo hatamki jina la yule mkubwa, na haoni kwamba amepungukiwa kitu. Nilimvika kikuku chake. Alikitazama, mkono mmoja mdomoni. "Bado sijaiona ngoma yangu," alisema.

Nilivua viatu. Aligeuza kigoda akanipa mgongo, kwa sababu tangu siku ile, kwake hata marehemu mkwe anayechezwa hatazamwi, nami nikacheza uani bila njuga wala mpigaji, miguu ileile ya michi. Nilipumzika mara mbili, wala sikuona haya. "Hapo ni mtoni," alisema kwa kusikia tu. "Hapo amelishika domo lake." Nilipofika kwenye kona nikapita kimya.

"Umeruka," alisema.

"Tupoki, pale…"

"Umeruka. Ngoja."

Akauvuta upande wa kanga, akajifunika kichwa, kisha mabega, akaupitisha chini ya kidevu na kuukaza bila haraka, kama mtu anayefunga mzigo wa safari.

"Haya, mdogo wangu," alisema. "Sasa kohoa."

Nikakohoa mara mbili. Kisha nikasimama, muda wa kumenya ndizi moja.