Kilti Namba Tisa

Juzi kwenye treni, tulipofika Blacktown, mzee mmoja aliingia na koti la sufu lililolowa mvua, akaketi mbele yangu. Harufu ile ilinipanda puani nikafumba macho, na kilichonijia hakikuwa huzuni wala hamu ya nyumbani. Ilikuwa hasira, mbichi kabisa, kama ya jana. Sufu yenye unyevu inanuka kama mbwa aliyeogeshwa bila sabuni. Niliishi na harufu hiyo chumbani mwangu miezi minne, nikiwa na miaka kumi na mitatu, mwaka wa pili wa korona, walipotufungia watu wa magharibi mwa Sydney.

Niwaeleze basi, kisha mseme wenyewe kama sikuwa na haki ya kununa.

Baba yangu alikuwa anapiga ngoma kubwa katika bendi ya zumari za Kiskoti. Ndiyo, Baba yangu, Mkikuyu wa Nyeri. Siku za kazi alikuwa ghalani Seven Hills akipanga maboksi, na Jumanne jioni alitoka nyumbani amevaa kilti na soksi za kufika magotini, magari yakipunguza mwendo yamtazame. Yeye hakuona ajabu yoyote. Kanisa alilokulia lilikuwa na bendi ya wavulana iliyoanzishwa na wamisionari wa Kiskoti, na ngoma hiyo aliianza akiwa darasa la sita. Kwa asiyeijua, kilti ni sketi ya wanaume ya sufu nzito yenye drafti, mbele bapa, nyuma marinda mengi yaliyolaliana kwa kipimo. Ukiitundika ovyo wiki mbili tu, marinda yanalegea, na kuyarudisha ni kazi ya fundi.

Aliyezitunza kilti za bendi kwa miaka thelathini alikuwa mjane mmoja wa mtaa wa St Marys, Mrs Rennie. Baba alitaka nimwite Shosho, yaani bibi, maana mtu wa umri ule haitwi kwa jina tu. Lokdauni ilipotangazwa, ukumbi wa bendi ulifungwa, nao ulikuwa na paa linalovuja na nondo wa kutosha kula kanzu ya askofu. Nyumba ya Shosho ilikuwa ya chumba kimoja. Kwa hiyo siku ya mwisho kabla ya kufungiwa, Baba alizileta kwetu kilti zote kumi na nne, amezilaza kwenye kiti cha nyuma cha gari kama wagonjwa, pamoja na karatasi mbili za maagizo kwa mwandiko wa Shosho.

Kabati pekee ambalo halikupigwa na jua wala kupakana na bafu lilikuwa langu.

Nguo zangu zilihamia kwenye maboksi ya ndizi chini ya kitanda. Nilimlilia Mama. Mama alikuwa nesi, anarudi kutoka zamu na alama za barakoa usoni, akaniambia, "Ciku, kwani unaenda wapi hata uzihitaji?" Hilo liliniudhi zaidi.

Maagizo yale nayajua kwa moyo hadi leo. Kilti hukunjwa mara mbili kwa urefu, marinda yametulia ndani, kisha hutundikwa kwa mshipi wake wa kiunoni, vibanio viwili vya henga umbali sawa kutoka kila ncha. Pindo la chini lisiguse kitu. Kati ya kilti na kilti uweze kupitisha kiganja. Zisifunikwe kwa plastiki, zinahitaji kupumua. Kipande cha mti wa mwerezi kila baada ya kilti tatu, kwa ajili ya nondo. Uzi mweupe uliokuwa umeshikiza marinda usikatwe hadi siku ya gwaride. Mimi mwenyewe sikuwahi kutunzwa hivyo.

Na kama hayo hayakutosha, kulikuwa na ukaguzi. Kila Jumamosi saa nne kamili asubuhi Shosho Rennie alipiga simu ya video, na kazi ya kushika simu ilikuwa yangu. Nilipita nayo mbele ya kabati polepole, namba moja, namba mbili, huku uso wake umejaa kwenye kioo, miwani imeteleza hadi ncha ya pua. Hii, alinieleza, alishonewa fulani, akanenepa, ikafunguliwa kiunoni mara mbili. Hii ilinyeshewa siku nzima ya gwaride, na mwenyewe akaapa haachi kupuliza zumari. Baba alisimama nyuma yangu mikono mgongoni kama mwanafunzi.

Sasa mnielewe shida yangu. Tuliruhusiwa saa moja tu ya mazoezi nje, na rafiki yangu Furaha alikuwa ananingoja kwenye bustani ya karibu saa nne na nusu. Furaha alikuwa Mkongo, mchekeshaji kuliko watu wote niliowajua, na saa tano na nusu lazima awe nyumbani kulea wadogo zake, maana mama yake aliingia zamu mchana. Saa ile moja ndiyo niliyoishi kwayo wiki nzima. Na kila Jumamosi, kila Jumamosi jamani, Shosho alikuta kosa.

Mara nyingi lilikuwa la namba tisa. Kibanio cha kushoto kimeshuka, kilti inaning'inia upande kama bega la mlevi. "Ngoja," angesema Shosho, na sauti yake ikapata nguvu. "Rudisha simu hapo. Mwambie baba yako aitoe." Ndipo somo lilipoanza upya, vidole hapa, mshipi pale, taratibu, si hivyo, na kutoka kwenye kibanio akaingia kwenye habari za marehemu mumewe, na kutoka kwa mumewe akaingia Glasgow, na hapo nilijua Furaha amekwisha kupita mara tatu kwenye bembea zilizofungwa utepe, ananitukana kwa Kifaransa.

"Dad, seriously," nilimwambia mara moja baada ya simu. "You stack boxes all day. Huwezi kubana kilti moja?"

"Vibanio vimezeeka," alijibu, akatoka.

Mimi si mtu wa kukubali kushindwa na henga. Ijumaa moja jioni nilichukua rula. Nilipima kila kilti, nikabana upya zote kumi na nne, nikatikisa fimbo ya kabati kuona kama kuna kitakachoteleza. Hakikuteleza kitu. Jumamosi baada ya chai nikafungua kabati, na namba tisa ilikuwa imeinama upande wa kushoto.

Wiki iliyofuata nilijipanga. Saa nne kasoro dakika tano nikabana namba tisa, nikaegemeza mgongo kwenye mlango wa kabati, sikuondoka hapo hadi simu ilipolia.

Shosho akakagua moja hadi kumi na nne. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Nyuma yake niliona meza yake ya jikoni, kikombe kimoja, na kiti kimoja kimevutwa.

"Mrs Rennie," Baba alisema haraka, "hebu tazama tena namba tisa."

"Hapana, hapana. Iko sawa kabisa. Msichana amejifunza." Akasukuma miwani juu. "Basi. Nadhani hamna haja na mimi tena, sivyo?"

Dakika sita tu, simu nzima. Nilihesabu. Viatu nilikuwa nimeshavaa.

Baba akanizuia mlangoni. Baba hakuwa mtu wa kufoka, na hata siku hiyo hakufoka, lakini uso wake ulikuwa mweusi kwa hasira. "Nani alikuambia uguse namba tisa?"

"It was crooked!"

"Ilikuwa imekaa ilivyotakiwa kukaa."

Nilimweleza Furaha hayo yote tukizunguka bustani, tukakubaliana kwamba lokdauni imemvuruga akili. Miezi mizima wananisumbua na kibanio, nimekirekebisha, nimekuwa mkosaji. Nililia kwa kuonewa, na Furaha akalaani Waskoti wote kwa niaba yangu.

Jumamosi iliyofuata saa nne, simu haikulia. Baba akapiga yeye. Haikupokelewa. Akapiga tena saa nne na robo, saa nne na nusu, saa tano, akizunguka sebuleni kwa soksi. Nilikuwa huru kwenda bustanini na sikwenda, kwa sababu sikuwahi kumwona hivyo. Mchana alivaa barakoa akachukua funguo za gari, na polisi wakimsimamisha, alisema, atawaambia anakwenda kumjulia hali mgonjwa.

Alirudi jioni. Shosho alikuwa mzima. Aliiona simu ikilia, akaiacha. Alimwambia Baba wakiwa wametenganishwa na kioo cha dirisha kwamba hakutaka kuendelea kusumbua familia ya watu kila wikendi, maana kazi sasa inafanywa vizuri. Baba aliongeza kwamba tangu lokdauni ianze, Shosho hajaona mtu mwingine dirishani pake ila wa kuleta vyakula.

Baba akaketi kwenye kitanda changu, akanipa simu. "Jumamosi utampigia wewe. Utamwambia namba tisa imekushinda."

"But that's a lie."

"Ciku. Mpigie."

Ningependa kuwaambia kwamba nililainika hapo hapo. Sikulainika. Nilipiga saa nne kamili huku nimenuna, nikasoma maneno kama mtu anayesoma tangazo: Shosho, namba tisa imelegea tena na mimi siwezi. Uso wake ukasogea hadi ukajaza kioo. "Aa, hiyo! Hiyo imekuwa hivyo tangu zamani," akasema. "Vuta kiti, mwanangu, ukae karibu." Ilichukua saa moja na dakika kumi. Furaha nilimkosa, na nilimkasirikia Baba wiki nzima.

Kilti zilirudi ukumbini watu walipofunguliwa. Shosho alikuja mwenyewe na barakoa yake, akapitisha kiganja kati ya kila kilti na jirani yake, akaniambia nina mkono mzuri. Nilirudishiwa kabati. Lilinuka mbwa hadi Krismasi.

Sasa nasoma chuo Wollongong, nina kigari changu cha mitumba, na Mama bado ana zamu za wikendi. Baba hunipigia kila Jumamosi saa nne kamili. Umepima oili? Maji je? Upepo wa matairi? Inachosha, nawaambia ukweli. Jumamosi iliyopita nilikuwa na haraka, nikamwahi kabla hajauliza: nimepima kila kitu, Baba, gari iko sawa kabisa.

Nikasikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe, kimoja.

"Basi vizuri," alisema. "Hakuna kitu kingine?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na funguo mkononi, nimeshavaa viatu. Gari langu halikuwa na shida yoyote.

"Ngoja, Baba," nikasema. "Kuna kitu kinalia. Upande wa kushoto."

"Kinalia vipi?" akauliza, na nikamsikia akivuta kiti.