Nilimfungia Kaka Siku Tuliyomzika Mama

Nimekosa. Tena nimekosa kwa ustadi, kama impasavyo mtu mwenye diploma!

Nilirudi kwetu Rangwe kutoka ng'ambo mwanzoni mwa miaka ya tisini na suti mbili, miwani, na cheti nilichokitundika ukutani hata kabla sijatandika kitanda. Nilijitengeneza mwenyewe, niliwaambia wote. Kwamba kaka yangu mkubwa alinipakia kwenye baiskeli hadi shuleni miaka minne, hilo nililiona dogo mno kutajwa.

Kaka alikuwa mpole kupita kiasi. Halafu akaanguka shambani, mdomo ukaenda upande. Baada ya miezi kadhaa alitembea tena, lakini loo, tabia! Alimtukana mchungaji. Alichota samaki kwenye sahani ya mgeni. Alicheka matangani!

"Shemeji, huyu siye aliyenioa," mkewe aliniambia. "Ni kile kiharusi."

Mimi msomi nikamfundisha: "Kiharusi hupiga mkono na mguu. Hakipigi adabu."

Daktari gani angenishinda? Diploma yangu, kwa taarifa yenu, ni ya uendeshaji wa hoteli.

Kisha mama akafa. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi? Mimi, bila shaka! Nilichapisha ratiba kwa taipureta. Nikaalika wakubwa kutoka Migori mjini.

Kwetu nyumbani, mzaliwa wa kwanza ndiye hutangulia kutupa udongo kaburini. Kaka akalisogelea jeneza, akaangua kicheko mpaka mabega yakatikisika. Wageni wangu wakatazamana. Aibu gani hii!

"Mfungieni nyumbani kwake mpaka tumalize," niliwaamuru binamu zetu.

"Omera, ndugu yangu! Ni mama yangu mimi pia!" alipiga kelele kutoka ndani, huku akicheka. Mchungaji akaongeza sauti. Nikatupa udongo wa kwanza, nikajipangusa mikono kwa leso nyeupe.

Wiki chache baadaye nilimpeleka kwa muuguzi mmoja Migori, nipate karatasi ya kuthibitisha kwamba si mgonjwa, amekuwa mlevi tu.

"Hucheka hata akiwa na huzuni?" muuguzi aliuliza.

"Hasa akiwa na huzuni! Alicheka mbele ya maiti ya mama yetu!"

"Basi hakuwa anacheka, mzee. Alikuwa analia. Ubongo wake uliumia. Kilio kinatoka hivyo."

Nilitamani ardhi inimeze!

Kaburi la mama nilishalisakafia kwa saruji na vigae, la kwanza la namna hiyo kijijini. Kila asubuhi kaka huja na udongo mkononi. Huumwaga juu ya vigae, upepo ukauchukua.

"Omera, fungua kidogo," huniambia, akicheka. "Kidogo tu."

 Mimi, bingwa wa majibu, huvifuta vigae kwa leso yangu nyeupe!

Enyi wenye vyeti, mgonjwa wenu akicheka msibani, mshikeni mkono, mwacheni atupe udongo wake. Msinisubiri mimi niwaonyeshe njia. Nilinunua saruji bora kabisa. Mpaka leo haina hata ufa.