Watu Maarufu wa Ohio

Mdogo wangu aliishi Ohio miaka kumi na mmoja, na muda wote huo hakuniambia habari zake. Aliniambia habari za watu wa Ohio. Nikimpigia simu kutoka huku Guangzhou nikamuuliza hali, hujibu "safi, dada," halafu hapohapo ananiletea mtu mpya. Unajua huku kwetu wametoka marais wangapi? Unajua yule mwimbaji uliyekuwa unampenda, kumbe naye wa huku kwetu? Mabondia, wavumbuzi, watu waliokwenda angani, wote walikuwa wa kwetu. Majina yao siyaweki hapa. Wanao watu wa kutosha wa kuwataja.

Nami nilipenda, sikatai. Nilimlea tangu mama alipofariki, yeye akiwa darasa la tatu, na kumsikia akicheka kulinitosha. Nanunua nguo za jumla soko la Shahe na kuzisafirisha Dar es Salaam, kazi ya kusukumana na kupayukiana tangu alfajiri, na mtu wa kazi kama hiyo anahitaji kitu cha kuringia. Mimi niliringia Ohio. Pale Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, kila Mtanzania alijua kwamba mdogo wangu anaishi jimbo la watu wakubwa, na waliochoka kunisikia walikuwa wengi.

Majira ya maonyesho ya biashara ya Pazhou, mji ukiwa umefurika wanunuzi, aliniambia kwamba figo zinamsumbua. Alilisema kwa kupitia tu, kisha akanitajia mwanariadha. Siku tatu baadaye nikapigiwa na Mkenya aliyekuwa akiishi naye nyumba moja. Alisema, "Sista, kama unakuja, kuja sasa."

Nikaomba viza ya Marekani, nikapangiwa siku ya mahojiano.

Sisi huku hatumwachi mtu aende kwenye mahojiano ya viza hivihivi. Mwenye miadi anakalishwa mgahawani mchana, aliyewahi kufanikiwa anajifanya ofisa, na waliobaki wanakula na kukosoa. Ofisa wangu alikuwa mama mmoja wa Lubumbashi anayenunua nywele za bandia. Alivaa miwani, akasogeza sahani ya wali pembeni, akanitazama kwa dharau ya kuigiza.

"Bonjour, madame. Unaenda kufanya nini kule?"

"Kumwona mdogo wangu. Mgonjwa."

"Mgonjwa! Bantu bote banasemaka vile. Ohio unaijua?"

Mzee mmoja wa Zanzibar akadakia kwamba hapo ndipo penyewe. Alisema kuna mwenzetu aliulizwa mchezaji mashuhuri wa jimbo analokwenda, akamtaja, viza ikatoka palepale. Huyo mwenzetu ni nani, hakuna aliyejua. Wote tuliamini, na mimi kuliko wote, maana nilijiona nimeulizwa nilichosomea. Nikaanza kuwamwaga: marais kwa mpangilio wao, wavumbuzi, waigizaji. Meza ya jirani wakapiga makofi. Ofisa wangu akavua miwani.

"Yaya, dada yangu, wewe utapita. Unajua Ohio kupita benyewe."

Wiki nzima nilikariri. Nilijifunza nani alizaliwa mji gani, nani alikufa lini. Kule Shahe laoban mmoja, mwenye duka tuliyezoea kugombana naye, alinitajia bei nami nikaikubali bila neno, akaniuliza kama naumwa. Nilikuwa kwenye rais wa nne. Hata siku moja katika wiki ile sikumpigia mdogo wangu kumuuliza jambo lolote. Nilijiambia nisimchoshe, tutaongea vizuri nikifika.

Siku ya mahojiano, ofisa wa kweli alikuwa binti mpole, nusu ya umri wangu. Aliniuliza nakwenda kumwona nani, nikamwambia. Akauliza mgonjwa anafanya kazi gani.

Nikasema biashara.

Biashara gani?

Sikujua. Akauliza anaishi na nani, nikasema na Mkenya, na jina la Mkenya sikulijua. Akauliza kama ana mke. Akauliza nani anampeleka hospitali. Kila swali lilikuwa dogo, la kuulizwa mtu yeyote kuhusu ndugu yake, na kila mara nilisema sijui. Akauliza mara ya mwisho nilimwona lini. Hilo nililijua: uwanja wa ndege wa Dar, miaka kumi na mmoja iliyopita. Akaandika kitu.

Hapo nikaharibikiwa. Nilianza kumtajia watu wa Ohio. Nasimulia kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilisimama mbele ya kioo kile nikitaja marais kwa mpangilio, kwa Kiingereza changu cha kuulizia bei, mpaka binti wa watu akainua mkono taratibu. Akanirudishia pasi. Alisema samahani, na nadhani alimaanisha. Nami ningekuwa yeye, mwanamke yule nisingemwamini kwamba ana ndugu.

Jioni mdogo wangu alipiga mwenyewe. Sauti ilikuwa imekwisha, lakini alitaka kujua wameniuliza nini.

"Wameniuliza watu maarufu wa Ohio," nikamwambia. "Nimewataja wote."

Alicheka mpaka akakohoa. "Dada, si nilikwambia! Sasa unafika lini?"

Nikasema Ijumaa. Ndiyo siku iliyonijia mdomoni. Nilipanga kwamba Alhamisi nitambadilishia, niseme ndege imejaa, niombe miadi nyingine, nijaribu tena nikiwa najua la kujibu. Alhamisi simu yake haikupokewa.

Mkenya alipiga Jumapili. Kwake ndipo nilipoyapata majibu yote ya binti yule. Mdogo wangu alikuwa anaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee. Mke alikuwa naye, wakaachana. Hospitali alijipeleka mwenyewe kwa basi kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, kwa muda wa miaka miwili. Nilisikiliza nimekaa juu ya mabunda ya nguo, na kila jibu liliniuma kuliko lililotangulia.

Kisha akanieleza mwisho wake. Alhamisi mdogo wangu, akiwa wodini, aliomba anyolewe ndevu. Ijumaa akawaambia manesi wamkalishe, akakataa kulala, akashinda ameelekea mlangoni. Usiku alikubali kulala, na hakuamka.

Mkenya akaniuliza, kwa upole kabisa, kama ni ndege ilinichelewesha.

Nikamwambia ndiyo, ni ndege.