Lokole ya Papa na Mzungu wa Kelele

Enzi zetu hapa Mangobo, habari haikujificha mfukoni mwa mtu mmoja. Ilipigwa kwa lokole, lile gogo lililochimbwa tumbo, na mpigaji alikuwa papa yangu. Mkono wake wa kushoto ulichelewa kidogo, hivyo kila mtu alimjua. Tulitofautisha mdundo wa harusi na wa msiba kabla hatujajua kuandika majina yetu. Vijana wa leo, simu isipotetemeka, hata nyumba ya jirani ikiungua hawana habari.

Kisha akaja mtunzi wa muziki kutoka Romania, kufundisha shuleni kwetu. Tulimwita Papa Kelele. Alipachika vijiko ndani ya piano ya masista. Alinasa kwenye rekoda yake minyororo ya toleka, baiskeli zetu za abiria, na mama zetu wakitwanga pondu, majani ya muhogo. Mama alimhurumia. "Huyu mutu iko na njaa, mumupatie chakula kwanza." Alikula, akanasa na mlio wa sufuria.

Jumapili moja, baada ya misa, aliandaa tamasha. Sisi wasichana tulitwanga vinu vitupu kwa zamu, tukicheka. Ghafla spika za parokia zikatoa mdundo wa msiba, kwa mkono wa papa, kutoka kwenye kanda ya Papa Kelele. Wapiga lokole wa ng'ambo ya mto wakaupokea, wakaupeleka mbele. Haukupita muda, watu wa Lubunga, huko ng'ambo, wakavuka kwa pirogi, na kuni na mikate ya muhogo, kwanga, kichwani, kama desturi ya kwenda msibani, wakilia.

Papa yangu alikasirika. Lokole yake haikuwahi kusema uongo. Alimshika mgeni mkono mbele ya watu wote.

"Nilikuambia ile ni ya kifo. Kesho nikipiga, nani atanisadiki? Sema, nani alikufa?"

"Mama yangu," alisema Papa Kelele. "Barua ilifika juzi. Huku sina mutu wa kulia naye."

Mama alikuwa wa kwanza kuweka mchi chini na kupiga yowe. Siku tatu tulimlilia bibi wa Romania ambaye hakuna aliyemjua hata kwa picha, na kwanga tulikula sana. Papa alitembea kifua mbele. Lokole haikudanganya.

Mwaka huu papa ametutoka. Wanangu walitangaza kwenye WhatsApp, zikaja picha za mishumaa nyingi kuliko watu. Mtaani hakuna tena ajuaye kupiga, na hilo liliniumiza. Nikamwandikia Papa Kelele, mzee sasa kwao. Hakujibu kwa maneno, alituma sauti. Niliipeleka kwenye spika za baa ya jirani, nikafungulia mpaka mwisho. Mkono wa kushoto ulichelewa kidogo, kama kawaida.

Nilingoja ng'ambo ijibu. Haikujibu. Lakini bibi kizee mmoja wa mtaa wa pili alifika polepole, na kuni kichwani. Vijana wakamwuliza nani alimwandikia.

"Ni yeye mwenyewe aliniita," akasema, akatua mzigo wake.