Salamu za Bi Zuwena Hazikusomwa

Nakuombeni, haya yabaki baina yetu, kila neno. Nna miezi mitatu tu kazini.

Mimi karani wa redio ya nyimbo za kantri za zamani, zile za Kimarekani, hapa mtaa wa Ruwi. Wiki hii mtangazaji wetu kaondolewa. Kipindi kizima kinakuja kwenye kompyuta kutoka ng'ambo, anaongea Mzungu. Meneja kaniagiza: wasikilizaji wakipiga simu, waambie hakuna kilichobadilika.

Leo kapiga Bi Zuwena wa mtaa wa Darsait. Kila asubuhi, kupitia kipindi chetu, humtumia salamu dada yake mgonjwa, asiyeweza kushika simu.

"Mwanangu, salamu zangu ziko wapi? Dada atadhani nimekufa!"

"Hakuna kilichobadilika, bibi."

"Basi huyo Mzungu anayeongea ndiye kanimeza?"

Sijui nini kilinipata. Niliingia studio, nikafungua maikrofoni, nikazisoma salamu zake mwenyewe.

Nageuka, meneja yuko mlangoni.

Akaniuliza polepole, "Na mama yangu, kesho utamsalimia?"

Akaondoka.

Hiyo ni ruhusa au mtego? Mnaonaje?

Msijibu hapa. Pigeni simu ya salamu kabla ya saa nne asubuhi, naipokea mimi. Mkisikia mtu mwengine kapokea, tumeni salamu tu, mkate simu.